Nina wimbo mmoja wa Kiswahili na shilingi 1,500,000, niko Arua. Nausukuma vipi?

Sauti_ya_Enyau

Habari zenu wote. Niko Arua, najisimamia mwenyewe, sina meneja wala lebo. Wimbo umekamilika: dakika 4 na sekunde 12, mtindo wa bolingo, mashairi ya Kiswahili, na kiitikio kina mstari mmoja wa Kilugbara. Mdundo nilinunua mtandaoni, sauti zimerekodiwa na kuchanganywa na prodyuza wa hapa mjini. Pesa ya kuusukuma ni shilingi 1,500,000, basi. Video sina.

Maswali yangu: pesa hii niipeleke Kampala kwa watangazaji wakubwa au niitumie hapa hapa? Niupandishe mtandaoni kupitia nani? Na nifanyeje ili ukipigwa redioni nami nipate changu? Naomba hatua zenyewe, si maneno ya kunitia moyo.

---

FundiMitambo

Karibu ndugu. Mimi naanza na faili, kwa sababu huko mbele yote yatategemea wimbo unavyosikika kwenye spika ya bodaboda na kwenye simu ya kitochi.

Rudi studio kabla prodyuza hajafuta kazi yako kwenye kompyuta, akutolee matoleo manne. La kwanza ni masta, yaani rekodi ya mwisho iliyokamilika, ya WAV, 44.1 kHz, bit 16 au 24. Hiyo ndiyo inayokwenda kwa msambazaji wa mtandaoni, kamwe usimpe MP3. La pili ni toleo la redio lisilozidi dakika tatu na nusu. Hizo dakika 4:12 mtangazaji atazikata mwenyewe, tena atakata pale unapoanza kunoga, kwa sababu tangazo la biashara linasubiri. Kwenye toleo hilo acha sekunde 8 hadi 12 za ala mwanzoni ili apate nafasi ya kutaja jina lako, na kiitikio kiwe kimeingia kabla ya sekunde ya 45. La tatu ni ala tupu. La nne ni ala pamoja na sauti za waitikiaji, bila sauti yako kuu. Hilo utaimbia jukwaani, nalo ndilo wasanii wengi hulikumbuka siku ya shoo wakati prodyuza hapatikani.

Sasa jaribio ambalo wengi wanaliruka: sikiliza masta katika mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa sauti moja. Spika nyingi za madukani, za boda na za simu hutoa mono, hata kama wimbo ni wa stereo. Prodyuza akiwa amepanua sauti zako kushoto na kulia kwa kugeuza wimbi la upande mmoja, pande mbili zikikutana zinafutana, na mwimbaji anazama huku ngoma zikibaki. Tatizo hilo hulisikii kwenye hedifoni hata kidogo. Bonyeza kitufe cha mono kwenye programu, na kiitikio kikififia mwambie apunguze huo upanuzi.

Besi nayo. Besi iliyokaa chini ya hezi 60 inatikisa klabu, lakini kwenye simu haipo kabisa. Iongezewe ukali kidogo, saturesheni nyepesi tu, ili isikike pia kati ya hezi 120 na 250. Kuhusu ukubwa wa sauti, usimruhusu aiponde masta ili ishindane na nyimbo nyingine. Spotify inashusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukali wa ziada hupati faida yake, unabaki na mkwaruzo tu. Kilele kisipite desibeli -1, kwa maana faili likigeuzwa kuwa MP3 au AAC vilele hupanda na kuanza kupasuka.

Kava: pikseli 3000 kwa 3000, JPG, rangi za RGB. Jina la msanii na jina la wimbo vinatosha. Watu wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, watakutengenezea bango zuri lenye namba ya simu, nembo za YouTube na TikTok na neno "IMETOKA SASA". Hilo libandike ukutani. Ukilipeleka kwa msambazaji kama kava litarudishwa, na utapoteza siku kadhaa ukirekebisha.

---

Dada_Promo256

FundiMitambo kamaliza ya studio. Mimi naongeza ya mtandaoni, na naomba uyafuate kwa mpangilio kwa sababu tarehe ndiyo inayowaangusha wengi.

Tafuta kwanza jina lako la kisanii kwenye Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na YouTube. Kama kuna mwingine mwenye jina hilo, hata akiwa Brazil, wimbo wako unaweza kutua kwenye ukurasa wake. Ongeza neno au badilisha tahajia sasa, kabla watu hawajalizoea.

Msambazaji: huwezi kupeleka wimbo Spotify au Apple Music moja kwa moja, lazima upite kwa kampuni ya usambazaji. DistroKid inatoza ada ya mwaka na unapandisha nyimbo nyingi unavyotaka. CD Baby unalipia wimbo mara moja, halafu wanachukua asilimia 9 ya mapato. Tofauti yenyewe inaonekana baadaye: kwa ada ya mwaka, ukiacha kulipa wimbo unashushwa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuubakiza. Kwa msanii mwenye wimbo mmoja asiyejua kama mwaka ujao atakuwa na dola mkononi, kulipa mara moja kuna usalama wake. Ukipanga kutoa nyimbo nne au zaidi kwa mwaka, ada ya mwaka ni nafuu.

Tahadhari moja: mpango wa bei ya chini kabisa wa DistroKid haukuruhusu kuchagua tarehe ya kutoka. Bila tarehe, wimbo unatoka wenyewe ukishapitishwa, na hapo umekosa nafasi ya kuuombea kwa wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify. Spotify inapokea ombi kwa wimbo ambao bado haujatoka tu, kupitia akaunti ya Spotify for Artists, na uwe umeutuma siku 7 au zaidi kabla. Ukitimiza hizo siku 7, hata wahariri wasipokuchagua, wimbo utaingizwa kwenye Release Radar, ile orodha ya nyimbo mpya, ya wanaokufuata. Kwa hiyo panga wiki nne: wiki ya kwanza unapandisha kwa msambazaji, ya pili unadai ukurasa wako wa msanii Spotify na kutuma ombi, ya tatu na ya nne unatoa vipande vifupi vya video.

Kwenye ombi una herufi 500. Usiandike kwamba wewe ni kipaji kikubwa. Andika lugha (Kiswahili na Kilugbara), mdundo, ala zinazosikika, mji wako, na unachofanya kuusukuma. Mhariri anatafuta pa kuuweka wimbo.

Kwenye fomu ya msambazaji chagua Kiswahili kama lugha ya wimbo. Jina la wimbo lisiandikwe lote kwa herufi kubwa. Aliyeshirikishwa awekwe kwenye sehemu yake, usimpachike ndani ya jina la wimbo. Uliza pia sehemu ya kuchagua sekunde ambayo sauti itaanzia TikTok, uweke pale kiitikio kinapoanza. Usipochagua, TikTok inaweza kuchukua utangulizi wako wa ala, na hakuna atakayecheza. Na hakikisha sauti rasmi imeshaingia TikTok kabla hujaanza kutoa video. La sivyo kila mtu atakuwa na nakala yake ya sauti (TikTok huiita original sound), na hesabu itatawanyika huku wewe hupati kitu.

---

Konda_wa_Usiku

Kaka, swali lako la kwanza ndilo zito na halijajibiwa bado. Usipeleke hiyo pesa Kampala kwa watangazaji wakubwa. Shilingi 1,500,000 huko ni tone. Redio za Kampala zinasikilizwa na watu wa Kampala, na wimbo wenye mstari wa Kilugbara haujui pa kushika pale, labda sehemu moja tu, nayo nitaitaja.

Wimbo wako una barabara yake. Uko Arua, upande mmoja kuna Vurra na mpaka wa Congo, ukivuka unafika soko la Ariwara. Kilugbara kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka huo, na Kiswahili ni lugha ya biashara kule. Kaskazini kuna Koboko, ambako wafanyabiashara wa Sudan Kusini na Congo wanakutana. Upande wa pili barabara inashuka hadi Kampala na kuishia Arua Park, pale mabasi yanapopakia, pale Wacongo na watu wa Sudan Kusini wanaponunua bidhaa. Wimbo ukishika Arua mjini na ukashika Arua Park, umeshika ncha mbili za kamba, na watu wa katikati watausikia safarini.

Kwa hiyo kazi ni hii.

Mabasi ya usiku na mchana kati ya Arua na Kampala yana skrini na spika, na safari ni ya saa nyingi. Usimpelekee dereva flashi yenye wimbo mmoja. Hataichomeka, au ataifuta apate nafasi. Mpe flashi ya GB 8 yenye nyimbo 60 nzuri za njia hiyo, bolingo za zamani, za Afrika Magharibi, za Kampala, kisha wako uwe wa 4 na tena wa 31. Usiuweke wa kwanza, kwa sababu mwanzoni abiria bado wanapanga mizigo. Nyimbo hizo ziwe katika folda moja tu: redio nyingi za gari zinasoma kwa mpangilio wa namba za faili, kwa hiyo anza jina la kila faili na 01, 02 na kuendelea, na flashi iwe imefomatiwa FAT32. Ikiwa exFAT au NTFS, redio nyingi zitaandika kosa na konda ataitupa.

Halafu kuna vibanda vya kupakia muziki kwenye memori kadi na flashi. Huyo kijana wa kibanda ndiye mtangazaji wa watu wasio na bando. Mfuate asubuhi, wakati wateja ni wachache, mpe faili, mwombe auweke kwenye folda yake ya nyimbo mpya, siyo folda yenye jina lako ambayo hakuna atakayeifungua. Rudi baada ya wiki, muulize wangapi wameuomba. Jibu lake ni la kweli kuliko namba za mtandaoni.

Redio za Arua ni watu wa karibu, unafika kwa miguu. Radio Pacis ni ya Jimbo Katoliki la Arua, kwa hiyo maneno ya wimbo yawe safi kabisa, hata fumbo likaguliwe. Usimtumie faili meneja wa kituo. Sikiliza wiki nzima, andika nani anapiga nyimbo kama zako na saa ngapi, halafu mfuate huyo huyo kipindi kikiisha, siyo kabla, anapohangaika na maandalizi. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti ili jina la faili libaki, MP3 ya kbps 320, na jina liwe: Msanii - Wimbo (Redio). Faili linaloitwa "final mpya 2 masta" litakaa kwenye kompyuta ya kituo bila mtu kujua ni la nani. Rekodi pia salamu ya sekunde 10 ukitaja jina lako na jina la kipindi chake. Inampa sababu ya kuupiga, kwa sababu anasikika yeye.

Pesa ya soda: watakuomba. Msimamo wangu ni usilipe ili wimbo upigwe. Anayelipwa anaupiga kwa wiki mbili, anayefuata naye anataka, na ukisimama wimbo unasimama. Ukitaka kutumia pesa redioni, nunua tangazo la sekunde 30 ofisini kwao, la kiitikio chako, na upewe risiti.

Faili wape watangazaji na madijei siku kumi kabla wimbo haujatoka, uanze kuchemka.

---

Sauti_ya_Enyau

Awadifo sana, asanteni. Hili la barabara sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Nina jambo la kuongeza. Mdundo niliununua kwa leseni ya bei ya chini, karibu dola 30, siyo ya kumiliki peke yangu. Nilipewa MP3 na karatasi ya masharti. Je, kuna shida? Na prodyuza wangu anasema yeye naye ana haki kwenye wimbo. Ni kweli?

---

KaratasiKwanza

Ndugu, asante kwa kuuliza kabla ya kupandisha. Simama hapo kwanza, usiguse fomu ya msambazaji hadi usome hii.

Leseni ya mdundo isiyo ya kipekee maana yake mdundo huo huo unaweza kuuzwa kwa watu mia. Fungua karatasi ya masharti utafute mambo manne: idadi ya juu ya kusikilizwa mtandaoni, idadi ya vituo vya redio vinavyoruhusiwa, ruhusa ya video, na Content ID. Leseni nyingi za bei hiyo zina kikomo cha kusikilizwa, nyingine zinaruhusu vituo viwili tu vya redio, na karibu zote zinakataza Content ID. Mpango wa Konda ni mzuri, lakini ukipita vituo viwili umevunja masharti, na siku wimbo ukishika ndipo mwenye mdundo atajitokeza.

Content ID ni mashine ya YouTube inayotambua sauti. Msambazaji atakuuliza kama unataka kuiwasha. Kwa mdundo wa namna hii jibu hapana. Ukiiwasha, mashine itaanza kudai video za wasanii wengine walionunua mdundo ule ule, watalalamika, na msambazaji anaweza kufunga akaunti yako. Na kinyume chake: mwenzako akiiwasha, video yako itadaiwa. Hapo unapinga dai kwa kuambatisha leseni na risiti ya malipo, kwa hiyo vihifadhi kwenye barua pepe, siyo kwenye simu pekee.

Kuna njia mbili. Mwandikie mwenye mdundo, umwombe bei ya leseni pana zaidi yenye WAV na vipande vya kila ala (utavihitaji kwa marekebisho aliyosema FundiMitambo, maana huwezi kurekebisha besi iliyokwama ndani ya MP3). Au tafuta mpiga gita na mpiga kinanda hapo Arua, mtunge ala zenu juu ya mashairi yale yale, bila kuiga melodi ya mdundo ule. Njia ya pili naipenda zaidi. Bolingo bila gita la kupigwa na mtu hupungukiwa ladha, na wimbo unakuwa wako.

Prodyuza wako anasema kweli kwa sehemu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Aliyetunga na aliyegharamia rekodi wanaweza kuwa watu tofauti. Kama ulimlipa arekodi na kuchanganya tu, muandikiane hivyo: kiasi, tarehe, na kwamba rekodi ni yako. Kama alitunga melodi ya kiitikio, ana fungu katika utunzi. Andikeni karatasi ya mgao yenye jina la wimbo, majina kamili ya kila mmoja kama yalivyo kwenye kitambulisho, kazi aliyofanya, na asilimia yake ya utunzi na ya rekodi kando kando. Jumla ya kila safu iwe 100. Wote watie saini, kila mtu abaki na nakala. Ifanyeni sasa, wimbo ukiwa bado hauna shilingi. Ukishaanza kuingiza, karatasi hiyo haisainiwi tena kwa amani.

Pesa ya redio, baa na hoteli inakusanywa na UPRS, chama cha haki za maonyesho ya muziki kilichoanzishwa mwaka 1985. Kinapewa leseni na URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Unajiunga kama mwanachama, halafu unasajili kila wimbo na mgao wake. Kujiunga bila kusajili wimbo ni kosa la kawaida sana: jina lako lipo, lakini wimbo ukipigwa hakuna pa kuuandikia. Jina la wimbo na la msanii yawe herufi kwa herufi sawa na yale ya kwenye faili la redio na kwa msambazaji. Ukikosea mahali pamoja, orodha ya kituo haitalingana na usajili wako. Ongeza ISRC, ile namba ya tarakimu na herufi 12 utakayopewa na msambazaji. Sitakuficha: si kila kituo kinalipa leseni inavyotakiwa, kwa hiyo usiiweke pesa hiyo kwenye hesabu za mwaka wa kwanza. Lakini asiyesajiliwa hata kile kinacholipwa hakipati.

Hakimiliki inaanza wimbo unaporekodiwa au kuandikwa, hata bila kusajili URSB. Usajili ni ushahidi wa siku ya ugomvi, na unadumu thamani yake, kwa sababu haki ya mtunzi inaishi hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Watoto wako wanahusika hapa.

Jambo la mwisho la karatasi ni kodi ya Marekani. Msambazaji na YouTube watakupa fomu ya W-8BEN. Ijaze. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 itakatwa kwenye mapato yanayotokana na wasikilizaji wa Marekani tu. Usipoijaza, YouTube inaweza kukata kwenye mapato yako ya dunia nzima.

---

Dada_Promo256

KaratasiKwanza, hapo umenisaidia hata mimi nieleze vizuri kwa wengine.

Konda, nakuheshimu kaka, lakini siku kumi kabla sikubaliani. Faili likifika kwa dijei siku kumi kabla, kesho yake liko kwenye tovuti za kupakua, limebadilishwa jina na kupachikwa sauti ya dijei. Siku wimbo unapotoka rasmi, watu wanaotafuta mtandaoni wanakuta nakala hiyo kwanza. Pia vibanda vitaupakia kutoka huko, na jina halitalingana na lile la UPRS. Nashauri wapewe siku ile ile unapotoka, asubuhi. Wakihitaji kuandaa kipindi kabla, wape sekunde 40 za kiitikio.

Ndugu Enyau, kuhusu matangazo ya mtandaoni: Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na wanaoifikia wanatumia VPN. Tangazo ulilolielekeza Uganda haliwaoni hao, kwa sababu simu zao zinaonekana ziko nchi nyingine. Kwa hiyo shilingi ya Facebook kwa wasikilizaji wa hapa inapotea. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiona kwenye takwimu za YouTube wasikilizaji wengi wa Uholanzi au Marekani usisherehekee haraka, huenda ni watu wa Arua na VPN zao.

Usinunue wasikilizaji. Watakuandikia kwa ujumbe: namba elfu kumi kwa shilingi elfu hamsini. Ni roboti. Tangu mwaka 2024 Spotify inawatoza wasambazaji kwa nyimbo zenye usikilizaji bandia uliokithiri, na msambazaji anakuhamishia gharama hiyo au anaushusha wimbo. Hasara nyingine ni ya kimya: roboti hazisikilizi wasanii wanaofanana nawe, kwa hiyo mashine inajifunza vibaya na kukupendekeza kwa watu wasiokuhusu. Tangu mwaka huo huo, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi Spotify, lakini hiyo 1,000 unaweza kuifikia kwa watu wa kweli.

Na miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia: kwa nchi yetu bado ina maana, kwa sababu hata mwenye kitochi anaweza kununua. Inapitia kampuni za kati zenye mkataba na MTN na Airtel. Kabla ya kusaini soma asilimia yako baada ya mtandao na kampuni ya kati kuchukua zao, muda wa mkataba, na kama unawapa haki za miito ya simu peke yake au za wimbo mzima. Hapo ndipo wengi walipofungwa. Kipande kianze moja kwa moja kwenye kiitikio. Anayepiga anasikia sekunde chache kabla simu haijapokelewa.

---

Konda_wa_Usiku

Dada, nakubali. Siku ya kutoka, asubuhi. Vibanda nao wapate faili kutoka mkononi mwake, jina likiwa sahihi.

---

Sauti_ya_Enyau

Nimezungumza na mpiga gita, tutatunga ala upya. Niambieni sasa 1,500,000 naigawaje, na video je?

---

Konda_wa_Usiku

Ningeigawa hivi. Gita, kinanda na kurekodi ala upya 300,000. Kuchanganya tena na masta pamoja na yale matoleo manne 80,000. Msambazaji 170,000, kwa mpango unaokuruhusu kuchagua tarehe. Video 300,000. Flashi kumi kwa 20,000 kila moja, 200,000: sita za mabasi, tatu za Arua Park, moja ya Ariwara. Nauli ya kwenda na kurudi Kampala na chakula 130,000. Bando la mwezi 100,000. Zinabaki 220,000, na hizo usiziguse hadi wiki ya tatu baada ya wimbo kutoka. Wasanii wengi humaliza pesa zote siku ya uzinduzi, halafu wimbo unapoanza kupendwa hawana hata nauli ya kwenda kwenye mahojiano.

Video ya 300,000 isiwe na hadithi wala gari la kukodi. Mahali pamoja penye mwanga wa saa kumi na moja jioni, wewe, mpiga gita, na wachezaji wanne. Simu nzuri kwenye stendi, mlalo kwa YouTube, kisha rudia kiitikio mara tatu ukiwa umeisimamisha simu wima kwa TikTok na WhatsApp. Wakati wa kupiga, wimbo uchezwe kwa spika kubwa ili midomo ifuate, na simu ya kurekodi iwekwe fremu 25 au 30 kwa sekunde, isiwe inabadilikabadilika, la sivyo midomo itaachana na sauti kuanzia dakika ya pili.

---

Dada_Promo256

Kutokana na kiitikio toa vipande vitano tofauti vya sekunde 15 hadi 25, kimoja kila baada ya siku mbili tatu, siyo kimoja kile kile mara tano. Kimoja kimwonyeshe mpiga gita peke yake, kimoja kiwe na maneno kwenye skrini, kimoja kieleze ule mstari wa Kilugbara kwa Kiswahili. Hicho cha maelezo ndicho nakitegemea, kwa sababu mtu wa Ariwara ataujua mstari huo na wa Kampala atauliza.

Kwenye YouTube weka mashairi yote katika maelezo, na manukuu ya Kiswahili na Kiingereza. Kwa video za kawaida, malipo ya matangazo ya YouTube yanahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo mwaka huu ichukulie kama ukuta wa kubandikia wimbo. Msambazaji atakuombea ukurasa rasmi wa msanii ili vyote viunganishwe.

---

FundiMitambo

Wiki ya tatu ikifika, kabla ya kutumia zile 220,000, fungua Apple Music for Artists uangalie namba za Shazam (programu ya simu inayotambua wimbo) kwa kila mji. Mtu anayefanya Shazam ameusikia mahali na hakujua ni wa nani, kwa hiyo namba hiyo inakuonyesha spika zinafanya kazi wapi. Linganisha na majibu ya vijana wa vibanda. Arua ikiwa juu, nenda kwenye matangazo ya sekunde 30 ya redio. Kampala ikianza kuonekana, rudi Arua Park na flashi nyingine. Kukiwa kimya pande zote, tazama kwenye YouTube Studio, sehemu ya takwimu za video yako, watu wanauacha wimbo wapi. Wakitoka kabla ya sekunde ya 30, tatizo ni utangulizi. Tengeneza toleo linaloanza na kiitikio, ulipatie jina lake waziwazi ili lisichanganywe na la kwanza, na hizo 220,000 ziende huko.

---

KaratasiKwanza

Na toleo hilo jipya linahitaji ISRC yake na lisajiliwe UPRS pia, kwa mgao ule ule. Usitumie namba ya la kwanza.